Somo: Insha ya hoja kuhusu maisha ya watumwa mashambani

Wiki hii nimesahihisha insha 28 za vijana wangu wa tuisheni hapa Lindi, kwa swali la maisha ya watumwa mashambani. Karibu zote zimeanza hivi: "Utumwa ulikuwa kitendo kibaya sana." Nani anabisha? Pasipo mbishi hakuna insha ya hoja, kuna hotuba tu.

Hatua ya 1: Tafuta penye ubishi. Chukua mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, karne ya 19. Kwa kawaida mtumwa alipewa konde lake na siku mbili za kulilima, Alhamisi na Ijumaa. Siku tano zilikuwa za bwana. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba utumwa wa pwani ulikuwa na huruma kuliko ule wa Marekani. Hapo sasa pana ubishi.

Hatua ya 2: Msimamo kwa sentensi moja. Mfano: "Siku mbili za konde zilimfaa bwana kuliko mtumwa, kwa sababu zilimwondolea bwana mzigo wa kumlisha." Ikikushinda sentensi moja, rudi ukasome kwanza.

Hatua ya 3: Ushahidi. Hapa ndipo mnapoanguka. Mnaanika tarehe kama muhogo juani, zote, hata zisizo na kazi. Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Sawa, ila mkataba ule ulizuia biashara. Aliyekwisha kuwa shambani alibaki na jembe lake mpaka 1897, sheria ya Zanzibar ilipoacha kuutambua utumwa. Ukiitumia 1873, itumie kwa hilo.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kazi yenyewe. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Likishafunguka, thamani imekwenda. Haimngoji mtu. Basi msimu ukifika, nokoa na kadamu, wasimamizi wa shamba, wamesimama juu ya watu, konde la mtumwa lilimngoja nani? Swali hilo moja lina uzito kuliko tarehe kumi za kukariri kwenye desa.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani haki yake. Kubali kwamba konde lilikuwa na maana: mtumwa aliweza kulisha wanawe, pengine kuuza ziada. Kisha mjibu. Kama hali ilikuwa nyepesi, watoro waliojenga kijiji chao Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya ya leo, walikuwa wanakimbia nini?

Hatua ya 5: Hitimisho. Fupi. Usilete jambo jipya.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nachingwea:* Shikamoo mwalimu. Kilwa inaingia? Swali linasema mashamba, na Kilwa ilikuwa bandari.

Marahaba. Inaingia, kwa kipimo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya mashamba vya Wafaransa, Morisi ikiwamo. Baadaye Kilwa Kivinje ikawa mlango wa watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa kwenda Unguja. Aya moja inatosha kuonyesha mikono ya shambani ilitoka wapi. Ukizidisha, umeandika insha ya misafara.

*Mwanachama, Mikindani:* Babu yangu anasimulia habari hizi. Niyaweke maneno yake?

Yaweke, ila useme naye alisikia kwa nani. Kisha muulize: anayemtaja alikuwa mateka aliyeletwa, au mzalia, yaani aliyezaliwa huku huku utumwani? Mzalia aliyekulia nyumbani kwa bwana hakuishi sawa na mgeni aliyeshushwa jahazini jana. Wengi huwachanganya, hoja ikalegea.

*Mwanachama, Newala:* Neno "watumwa" limejaa kila mstari kwangu. Nifanyeje?

Wataje kwa kazi zao: wachumaji, wapalizi, wapagazi. Ukiandika "mwanamke anayekimbilia kuanua karafuu kabla mvua haijashuka", msomaji ameshamwona.