Jinsi ya kuandika bango kwa Abril Fatface bila kupoteza nyuzi zake

Wateja wengi wanaokuja kwangu wanataka "herufi nene". Nikiwaonyesha Abril Fatface wanafurahi papo hapo. Lakini tazama herufi u kwa karibu: miguu miwili minene kama nguzo za baraza, na kinachoiunganisha ni uzi mwembamba kama unywele. Uzuri wote wa fonti hii umo katika tofauti hiyo. Uzi ukipotea, unabaki na madoa meusi.

Ilichorwa na Veronika Burian na José Scaglione wa TypeTogether, studio ya kubuni fonti, wakiangalia mabango ya matangazo ya Uingereza na Ufaransa ya karne ya 19, enzi ambayo wachapaji waligombania macho ya wapita njia kwa kunenepesha herufi. Kwa hiyo ni fonti ya ukutani. Usiitumie kuandika aya.

Tutengeneze bango la A3 lenye kichwa "Usiku wa Taarab".

Hatua ya 1: Ipakue. Ipo Google Fonts, bure, na leseni yake inaruhusu kazi ya kulipwa. Sakinisha faili, kisha fungua programu yako upya.

Hatua ya 2: Chagua neno la kubeba bango. Kiswahili kina maneno marefu. "Tunawakaribisha" lina herufi 15. Ukilibana liingie kwenye mstari mmoja, itabidi ulipunguze mpaka nyuzi zianze kufifia. Mimi huchagua neno fupi. Hapa ni "Taarab". Liache lijaze upana wa karatasi, ukibakiza sentimita 2 kila upande. Litakuwa kubwa sana. "Usiku wa" likae juu yake, kwa nusu ya ukubwa huo. Mwaliko wenyewe na maelezo mengine yaandikwe kwa fonti tulivu isiyo na serifu (vile vijimstari vya kwenye ncha za herufi), kama Lato.

Hatua ya 3: Usiguse kitufe cha B, kile cha kukoleza herufi. Abril Fatface ina uzito mmoja tu. Ukibonyeza B, programu inabuni unene wa uongo: inapaka kila ukingo, uzi unavimba na tumbo la a linazibika. Kuvuta herufi kwa pembeni nako kunaharibu, maana nguzo zinanenepa huku nyuzi za mlalo zikibaki vilevile. Ukitaka kubwa zaidi, vuta kwa kona.

Hatua ya 4: Rekebisha nafasi. Anza na T na a. Mkono wa T unatanda juu ya a, na programu ikizitenganisha utaona pengo kama jino lililong'oka. Sogeza a kidogo kuelekea T, kisha geuza bango juu chini kwenye skrini. Ukiacha kusoma maneno, macho yanaona mapengo.

Kati ya mistari tuna bahati. Katika "Usiku wa Taarab" hakuna herufi hata moja yenye mkia wa kushuka, hivyo unaweza kuisogeza mistari mpaka ikaribiane sana. Lingekuwa "Usiku wa Ngoma", ungeangalia mkia wa g unaangukia wapi kabla ya kuweka mstari mwingine chini yake.

Na kama kichwa chako kina ng', tafadhali weka alama ya kweli iliyopinda: ng’ombe, ng’ambo. Kwenye fonti nene kama hii alama iliyonyooka inaonekana kama msumari. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kitufe cha alama hiyo uchague iliyopinda. Kwenye Windows ni Alt+0146. Hii ni lugha yetu, na inastahili kuandikwa vizuri hata ukutani.

Hatua ya 5: Pima uzi kabla ya rangi. Hapa ndipo nilipoumia. Niliwahi kuandaa kadi za harusi, maandishi meupe juu ya maruni, ukubwa wa pointi 14. Kwenye skrini zilipendeza mno. Ziliporudi kutoka kiwandani, wino wa maruni ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi nyeupe na kuzimeza. Kijistari cha ndani ya e kilitoweka, na "Sherehe" ikasomeka "Shcrchc". Nilizichapisha zote upya kwa gharama yangu.

Tangu hapo nina kanuni mbili. Herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, sishuki chini ya pointi 24. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito, naanzia 36, na rangi hiyo naifanya ya wino mmoja kila inapowezekana, kwa sababu wino nne za kawaida za uchapaji zisipokaa sawasawa uzi ndio wa kwanza kufa. Kwa fulana naongeza zaidi, kwani kitambaa hunywa wino na kuutawanya.

Hatua ya 6: Peleka kiwandani. Hifadhi nakala yako, kisha kwenye nakala ya pili geuza herufi ziwe michoro ndipo utoe PDF. Hivyo hata kiwanda kisipokuwa na fonti hii, kompyuta yao haitabandika nyingine badala yake.

Kabla hawajawasha mashine, omba jaribio moja kwenye karatasi ileile ya kazi. Libandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, usome. Kisha sogea mpaka pua ikaribie karatasi, uangalie ule uzi unaounganisha miguu ya u. Ukiuona umekamilika pande zote mbili, waambie waendelee.