Kabla ya dengi ya mara ya pili

Kama umewahi kuugua dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, jambo la kwanza ni kuliandika: mwaka, mahali ulipokuwa, na majibu ya maabara kama bado unayo. Wengi hudhani ukishaugua mara moja umemalizana nayo. Sivyo. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na kinga ya kudumu unayobaki nayo ni dhidi ya ile aina moja iliyokuuguza. Dhidi ya nyingine tatu, kinga hiyo hudumu miezi michache tu.

Baada ya hapo kingamwili za zamani, yaani protini za damu zinazoshika virusi, zinaweza kukugeuka. Zinavishika virusi vya aina mpya lakini haziviui. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichoshikwa na kingamwili, huvimeza vikiwa hai, na humo ndimo vinamozaliana. Virusi vikishakuwa vingi, chembe hizo humwaga kemikali za kupambana na maambukizi kupita kiasi, na mishipa midogo ya damu huanza kuvujisha maji. Kwa wengi maambukizi ya pili hupita salama, lakini hatari ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Cuba ilipata mlipuko wa aina ya kwanza mwaka 1977. Aina ya pili ilipoingia mwaka 1981, watu 158 walifariki, wengi wao watoto.

Mwenye mtoto mchanga azingatie hili pia: kingamwili za mama aliyewahi kuugua humlinda mtoto mwanzoni, kisha zikipungua, hasa kati ya miezi 6 na 9, zinaweza kumzidishia ugonjwa hata kama ni mara yake ya kwanza.

Ukifikiria chanjo, mweleze mhudumu historia yako. Mwaka 2017 ilibainika kuwa chanjo ya Dengvaxia iliongeza hatari ya dengi kali kwa waliokuwa hawajawahi kuambukizwa. Ndiyo maana ikashauriwa mtu apimwe damu kwanza.

Nyumbani weka parasetamo, kipimajoto na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Ninalosisitiza zaidi ni siku homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Nyumba nzima hupumua, mgonjwa huachwa alale, kumbe uvujaji huanzia hapo. Kaa naye saa 48. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, kulegea au kuhangaika, mikono kuwa baridi, mkojo kupungua: lolote kati ya hayo ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Ukifika, sema ni siku ya ngapi tangu homa ianze na kwamba aliwahi kuugua. Uliza chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zimeshuka kiasi gani, na kama hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inapanda, maana ikipanda huku chembe sahani zikishuka, maji yanatoka kwenye mishipa.