Umemaliza masters New York? Leseni ya ushauri nasaha inaanzia hapa

Watu wa nyumbani wakisikia umemaliza masters ya ushauri wa afya ya akili, wanadhani kesho unafungua ofisi. Hapa jimbo la New York shahada hiyo inakupa haki ya kuanza kuhesabu saa za kazi chini ya msimamizi, basi. Mimi niko Buffalo, wateja wangu wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na wadogo zangu wanaotoka chuoni hunipigia kuuliza waanzie wapi.

Anza na karatasi. Jimbo linataka shahada ya krediti 60 yenye mazoezi ya kazi yasiyopungua saa 600, na chuo chenyewe ndicho kinachotuma uthibitisho Albany, makao makuu ya jimbo, si wewe. Wasumbue hao wa ofisi ya wanafunzi mapema. Kuna pia kozi fupi ya kutambua unyanyasaji wa watoto. Ifanye sasa hivi uachane nayo.

Kisha tuma Fomu 1, ambayo ni ombi la leseni pamoja na usajili wa kwanza, dola 371, na Fomu 5 ya kibali cha muda cha kufanya kazi chini ya msimamizi, dola 70. Kabla kibali hakijatoka usikae na mteja hata mmoja, hata bosi akikubembeleza vipi. Kibali hudumu miaka 2 na kinaweza kuongezwa mwaka mmoja mmoja mara mbili. Kinataja msimamizi wako na mahali pa kazi, kwa hiyo ukihama, lazima uombe tena.

Sasa tuje kwenye saa, maana ndiko watu wanakokwama. Unatakiwa saa 3,000 chini ya msimamizi, na kati ya hizo 1,500 ziwe za kukaa na mteja. Zilizobaki ni kuandika faili, mikutano ya kazini, mafunzo na usimamizi wenyewe, ambao ni wastani wa saa moja kwa wiki. Kwenye usaili usikimbilie mshahara. Uliza: msimamizi wangu ni nani, ana leseni gani, tutakutana siku gani, na nitapewa wateja wangapi kwa wiki? Piga hesabu palepale. Saa 15 za wateja kwa wiki ni wiki 100 kabla hujafika 1,500. Saa 25 ni wiki 60. Kazi inayolipa dola mbili zaidi kwa saa lakini inakupa wateja wachache, mimi naiona ghali.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu. Uko mezani unaandika, mapokezi wanakuita: "Njoo mara moja tu." Unamkuta mama wa Kivu kashika barua ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anakwambia, "Mwanangu, nisomee hii." Utamsomea, utamwachaje? Baadaye mwenzako wa chumba cha pili anataka umtafsirie kikao. Hadi jioni umefanya kazi mchana kutwa, na hakuna hata saa moja ya mteja wako. Kikao cha mwenzako ni chake, wewe ulikuwa mkalimani. Mwambie msimamizi, kwa adabu lakini bila kuzunguka: hao wanaosema Kiswahili waandikishwe kwangu, na ukalimani utafutiwe mtu.

Saa zako ziandike kila wiki, msimamizi atie sahihi. Akiaga anaacha kazi, Fomu 4B ya kuthibitisha saa aijaze kabla hajaondoka. Kumtafuta mtu aliyehamia jimbo lingine, hapokei simu, si mchezo.

Mtihani wa leseni unaitwa NCMHCE: visa 11, dakika 225. Kila kisa kinaanza na maelezo ya mteja, kinaendelea na vikao viwili, na maswali ya kuchagua jibu. Kiingereza chake si kigumu. Kinachotuangusha ni malezi: shangazi akisikia ndoa ina matatizo anatoa nasaha kabla chai haijapoa. Kwenye mtihani, jibu linalomwambia mteja afanye nini mara nyingi ndilo la kuogopa. Mteja akisema amechoka kuishi, kwanza uliza kama anafikiria kujiua, kama ana mpango, kama ana njia ya kuutekeleza. Mengine yote yanasubiri.

Jambo moja wengi hawaambiwi: baada ya sheria ya 2022, kutoa utambuzi wa ugonjwa kunahitaji ruhusa ya ziada juu ya leseni, inayodai saa 2,000 za kukaa na mteja zinazohusu utambuzi na tiba. Ndiyo, 2,000, si 1,500. Ukijua hivyo tangu mwanzo, mwombe msimamizi akupe tathmini za wateja wapya, na usimamishe hesabu yako kwenye 2,000.