Namna ya Kukabiliana na Simu za Wadai Wakati Huna Uwezo wa Kulipa

Mtu anayedaiwa na hana kitu hufikia mahali akauogopa mlio wa simu yake mwenyewe. Hofu hiyo humsukuma kwenye moja ya makosa mawili: ama huzima simu kabisa, hata taarifa muhimu zikampita, ama huahidi kiasi asichonacho ili anayepiga amwache apumue. Nimeyafanya yote mawili kwa nyakati tofauti, na la pili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa kuwa kila ahadi niliyoshindwa kuitimiza ilinipunguzia heshima ya kusikilizwa siku nilipokuja na pendekezo la kweli. Kwa hiyo ninasisitiza jambo moja: namna ya kulipa deni isiamuliwe kwenye simu. Simu ni ya kupokea na kutoa taarifa fupi. Uamuzi ufanyike umetulia, ukiwa na hesabu zako mbele yako, kisha upelekwe kwa maandishi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, lakini dawa nayo hunywewa kwa kipimo. Kabla ya kujibu simu nyingine, andika mapato yote ya mwezi yanayoingia kwa hakika, si yale unayoyatarajia, kisha utoe chakula, kodi ya nyumba, maji, umeme, dawa na nauli ya kwenda kazini. Kinachobaki ndicho kipimo chako, hata kikiwa kidogo mno, na hata kikiwa sifuri. Deni lenye dhamana, yaani lile ambalo kutolipwa kwake kunaweza kukupotezea nyumba au chombo unachofanyia kazi, litangulie mbele ya mikopo isiyo na dhamana. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mdai anayepiga simu mara nyingi zaidi ndiye anayelipwa kwanza, ilhali mara nyingi siye mwenye uwezo wa kukudhuru zaidi. Tena usikope kwingine ili kunyamazisha simu, kwani mkopo wa kulipia mkopo huleta mpigaji wa pili bila kumwondoa wa kwanza.

Simu inapoingia, ipokee ukiwa na kalamu. Uliza jina la anayezungumza, kampuni anayoiwakilisha, deni analolizungumzia na kiasi anachodai, kisha useme kwa sauti ya kawaida: "Nimekuelewa. Kwa sasa kipato changu kimeshuka na siwezi kuahidi kiasi chochote kwa simu. Naomba mnitumie mchanganuo wa deni kwa maandishi, nami nitawajibu kwa maandishi." Akiendelea kushinikiza, rudia sentensi zile zile bila kuongeza maelezo, umuage, ukate. Huna wajibu wa kumsimulia ugonjwa wa mtoto wala ugomvi wa nyumbani. Baada ya simu, andika tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa, hasa vitisho na matusi, na uhifadhi kila ujumbe mfupi. Daftari hilo linaweza kuwa ushahidi wako baadaye.

Mchanganuo ukifika, usome polepole. Tenganisha deni la msingi, riba, adhabu za kuchelewa na gharama za ukusanyaji, kisha ulinganishe na mkataba na risiti zako, kwa sababu si ajabu kukuta rejesho ulilolipa halikuingizwa. Ukiona kosa, lipinge kwa maandishi mara moja. Nchini Marekani, kwa mfano, mdaiwa hupewa siku 30 tangu apokee taarifa ya deni kutoka kwa mkusanyaji ili alipinge, na akilipinga kwa maandishi ndani ya muda huo ukusanyaji husimama hadi uthibitisho utumwe. Angalia pia umri wa deni. Nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai mahakamani, na katika baadhi yake malipo madogo tu, au barua ya kulikiri deni, huanzisha upya hesabu ya muda huo. Hivyo deni la miaka mingi lisiguswe kabla ya kupata ushauri wa kisheria.

Sheria kwa kawaida humruhusu mdai kudai, lakini si kutesa. Marekani ina sheria ya ukusanyaji wa haki wa madeni tangu mwaka 1977, na kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2021 huchukulia kwamba mkusanyaji amekiuka sheria akipiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kuhusu deni moja. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa Kenya mwaka 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye orodha ya simu ya mdaiwa bila idhini. Uingereza na Wales zina utaratibu, ulioanza Mei 2021, unaompa mdaiwa siku 60 za kupumua kupitia mshauri wa madeni, ambapo riba na hatua nyingi za ukusanyaji husimamishwa. Tafuta kanuni ya mahali ulipo, kisha umwandikie mdai ukitaja njia na saa unazotaka kuwasiliana naye, na ukimkataza kumpigia mwajiri wako au ndugu zako. Akipuuza, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji, ukiambatanisha kurasa za daftari lako.

Wapo pia matapeli wanaojifanya wakusanyaji. Usitoe namba ya siri, wala usitume fedha kwa akaunti uliyotajiwa kwenye simu, kabla hujampigia mkopeshaji kwa namba iliyo kwenye mkataba wako.

Jambo lisiloruhusu kusubiri ni hati ya mahakama. Simu unaweza kuiacha iite. Wito wa mahakama ukiupuuza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa. Na simu hizo zikikuondolea usingizi hadi ukaona maisha hayana maana, mwambie mtu wako wa karibu au mhudumu wa afya leo hii, hata kabla ya kumaliza kupiga hesabu. Aibu ya deni hukua inapofichwa, na hakuna deni linalostahili uhai wa mtu.

Pendekezo lako kwa mdai liwe fupi: eleza mapato, matumizi ya lazima, kiasi unachoweza kulipa na tarehe utakayolipa, na uombe riba na adhabu zisimamishwe. Akikubali, aandike makubaliano hayo kabla hujatuma fedha, kwani makubaliano ya mdomo na mpigaji mmoja yanaweza yasijulikane na atakayepiga kesho. Mpe kiasi utakachokimudu hata mwezi mbaya. Rejesho la mwisho likilipwa, dai barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha, hakikisha taarifa zako za mikopo zimesahihishwa, na uitunze barua hiyo pamoja na risiti kwa miaka mingi, maana madeni huuzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hata lililolipwa huweza kukurudia kwa namba mpya ya simu.