Kamba wanazaa lakini watoto hawaonekani? Livishe bomba la filta sponji

Miezi mizima niliwasingizia guppy wangu, wale samaki wadogo wa mapambo, kwamba ndio wanaowala watoto wa kamba, hadi siku nilipofungua filta ya tangi la samaki kuisafisha nikakuta vikamba vitatu, kila kimoja kama punje ya ulezi, vinatembea humo ndani. Ukifuga kamba wekundu wa maji baridi, wale wa aina ya Neocaridina, pamoja na samaki, livishe bomba linalovuta maji kipande cha sponji ya filta yenye vitundu vidogo. Itoboe katikati bila kutokeza upande wa pili, kisha isukumie hadi ikaze. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki tatu hivi, na watoto huanguliwa wakiwa na takriban milimita 2 tu, kwa hiyo hupenya kwenye nafasi za bomba bila taabu. Sponji huwazuia, tena baada ya siku kadhaa hushika utando wa vijidudu ambao ndio chakula chao; utawaona wamejipanga juu yake wakichokonoa. Ya kuoshea vyombo iliyotiwa dawa ya kuua bakteria usiiguse. Kila wiki ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, la sivyo itaziba na filta itavuta kwa shida. Kwa kamba wa Amano, aina nyingine inayofugwa tangini, haisaidii kitu, maana mabuu yao huhitaji maji ya chumvi ili wakue. Na kama una samaki wenye vinywa vikubwa, mfano oscar, hata uvishe sponji mbili, kamba wataliwa tu.