Somo: Kuchonga pa'tedong, uso wa nyati wa Kitoraja

Kila nikiweka picha ya ubao naulizwa, "Fundi, hiyo unaanzaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Hii ni nakshi ya Watoraja wa milimani Sulawesi Kusini, Indonesia. Wenyewe huiita passura', na huichonga kwenye kuta za tongkonan, yaani nyumba ya ukoo, na kwenye ghala za mpunga.

1. Tafuta ubao mkavu usio mgumu. Mkangazi au mfenesi unafaa.

2. Piga randa, kisha msasa.

3. Paka ubao wote rangi nyeusi KABLA ya kuchonga. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Saga masizi ya chungu, changanya na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Nakshi hii hukatwa ndani ya weusi: kisu kikipita, mbao tupu inatokeza, na pasipoguswa ndipo panapobaki peusi nyuma ya mchoro. Ukichonga kwanza ndipo upake, brashi itajaza mifereji, kingo zitapotea, na njano yako itageuka tope. Usipake tabaka nene, litabanduka magamba pembeni mwa mkato. Usikimbilie kisu ubao ukiwa na unyevu, nyuzi zitachanika. Pitisha kidole: kikitoka cheusi, subiri.

4. Gawa ubao kwa miraba. Wao hupima kwa vijiti vya mianzi, rula inatosha.

5. Kwaruza mchoro kwa ncha ya kisu: uso wa mbele, pembe zimepinda kulia na kushoto, pande zilingane.

6. Chonga. Milimita 2 kwenda chini zatosha.

7. Jaza rangi: nyekundu na njano za udongo, nyeupe ya chokaa. Pamoja na nyeusi ni nne. Hakuna ya tano.

MASWALI

Pembe4: Naweza kutia buluu kidogo ipendeze?

Fundi: Soma namba 7.

Pembe4: Sanaa si ubunifu jamani?

Fundi: Buni, ila usiiite passura'. Nyeusi ni kifo na giza, nyekundu damu na uhai, njano baraka na enzi ya Mungu, nyeupe mfupa na usafi. Buluu yako inasema nini?

BintiRanda: Shikamoo fundi. Kwa nini nyati? Na yule jogoo ninayemwona kwenye picha, juu kabisa chini ya paa?

Fundi: Marahaba binti, hilo ndilo swali. Nyati huyu ni wa kufugwa, wa mashamba ya mpunga, si mbogo wetu wa porini. Ndiye mali na heshima ya mtu. Huchinjwa mazishini, na pembe zake hupangwa kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba, kwa hiyo mgeni akiinua macho tu anajua ukoo huu umezikana vipi. Jogoo, pa'manuk londong, hukaa juu pamoja na jua, pa'barre allo. Ndiye ajuaye alfajiri, na wamemfungamanisha na haki na hukumu. Ukimaliza nyati jaribu viluwiluwi, pa'bulintong. Hao ni dua ya kupata watoto wengi, na ni wepesi kuchonga.

Chapchap: Nimechonga nikapaka baadaye, imekuwa uji. Nifanyeje?

Fundi: Namba 3. Piga randa, anza upya.

Chapchap: Ungesema mapema.

Fundi: Nimeandika kwa herufi kubwa.

MzeePatasi: Wenyewe si huchanganya rangi na tembo la kugema?

Fundi: Kweli mzee wangu, udongo hutiwa tuak, tembo lao, ili ushike. Nimetaja gundi kwa kuwa humu wapo wasioligusa.

MzeePatasi: Sawa. Mfenesi umesema vema, hata zile sanamu zao za wafu, tau-tau, huchongwa kwa mfenesi. Ila waambie masizi yawe ya kuni. Ya kibatari yana mafuta, gundi haishiki. Na wayachekeche.

BintiRanda: Kwa chandarua?

MzeePatasi: Matundu makubwa hayo. Kanga iliyochakaa.