Kusimika jukwaa la kusimamia swichi za kituo cha data

Kabla hujagusa faili la usakinishaji, chora njia ya pakiti (vipande vya data) kutoka kwenye jukwaa, yaani programu ya kusimamia swichi, hadi poti ya usimamizi ya kila swichi, na njia ya kurudi. Kusakinisha ni kazi nyepesi. Wengi hukwama kwenye anwani za IP.

Hatua ya 1. Unganisha poti za usimamizi kwenye swichi za pembeni, zisizotegemea zile unazozisimamia. Usimamizi ukipita kwenye mtandao uleule unaobeba data, siku usanidi mbaya ukiukata utakuwa umejifungia nje, na ufunguo umebaki ndani.

Hatua ya 2. Kagua anwani za ndani za jukwaa. Hapa usiharakishe. Majukwaa mengi huendesha huduma zake ndani ya konteina (vifurushi vya programu vilivyotengwa ndani ya seva), nazo zina mtandao wake. Docker, programu ya kuendesha konteina, isipoelekezwa vingine, hujichukulia safu ya anwani 172.17.0.0/16, yaani zote zinazoanza na 172.17. Tuseme swichi zako ziko 172.17.20.0/24 na seva iko kwenye mtandao mwingine. Ukiwa kwenye kompyuta yako, swichi inajibu na jukwaa linajibu, lakini jukwaa linasema swichi haipatikani. Ingia kwenye seva uandike:

ip route get 172.17.20.5

Jibu likitaja docker0 (mtandao wa ndani wa Docker), pakiti haitoki kabisa kwenye seva. Chagua safu nyingine ya anwani za ndani wakati wa kusakinisha. Kuibadilisha baadaye mara nyingi ni kuanza upya.

Hatua ya 3. Weka DNS (ya kutafsiri majina kuwa anwani) na NTP (ya kulinganisha saa). Saa zikipishana sana, vyeti vya usalama hukataliwa.

Hatua ya 4. Kwa klasta (nodi kadhaa zinazofanya kazi kama jukwaa moja na kuamua kwa wingi), tumia nodi 3, kila moja kwenye seva yake. Ikianguka 1, mbili zilizobaki bado ni wengi. Nodi 2 pekee hazikupi kinga hiyo.

Hatua ya 5. Fungua poti kwenye ukuta-moto. Kwenda kwenye swichi: TCP 22 ya SSH (kuingia kwa amri), TCP 830 ya NETCONF (kubadilisha usanidi), UDP 161 ya SNMP (kuuliza hali ya swichi). Kutoka kwenye swichi: UDP 162 ya tahadhari na UDP 514 ya kumbukumbu za matukio. Upande huu wa pili ndio husahaulika: swichi inaonekana hai, lakini hata ikiharibika jukwaa liko kimya.

Hatua ya 6. Hifadhi nakala ya usanidi, kisha ongeza swichi moja tu. Kama jukwaa lina chaguo la kutunza usanidi uliopo, hakikisha limewashwa, maana baadhi hufuta kila kitu na kuiwasha swichi upya. Chomoa kebo ya poti isiyo na kazi muhimu. Tahadhari ikifika kwenye jukwaa, ongeza swichi nyingine.